Mama Rudia, Mtunza Maneno ya Madobi

Tarehe 30 Juni, saa kumi kamili alasiri, mhifadhi mkuu wa kumbukumbu wa kituo chetu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Saa kumi ni kwa mujibu wa barua ya ofisi. Sisi tunaomfahamu tumekadiria saa kumi na mbili na robo, maana hajawahi kutoka humu ndani bila kuyazungukia makabati yote kumi na manne na kuvuta kila mpini, kisha kurudi tena kutoka mlangoni kuvuta ule wa kwanza.

Jina lake kamili liko kwenye barua hiyo. Kwenye korido anaitwa Mama Rudia, na ameitwa hivyo muda mrefu kiasi kwamba mlinzi wetu mmoja alimaliza mkataba wake akiamini ndilo jina la kwenye kitambulisho. Alilipata kutokana na kazi yenyewe. Msimulizi akipita mbio mahali panapouma, yeye husimamisha kinasa sauti, humsogezea glasi ya maji na kusema kwa upole, "Hebu rudia hapo, dada, taratibu." Maneno yakishapigwa chapa, hubeba karatasi hadi kwa mwenyewe na kumsomea neno kwa neno. Kituoni hapa hakuna simulizi inayoingia kabatini kabla ya aliyeisema kuisikia na kukubali kwamba ni yake. Hiyo ndiyo kanuni ya nyumba, na aliitunga yeye.

Kanuni hiyo haina mkubwa wala mdogo. Hata wasifu huu nimemsomea, nikiwa nimesimama mbele ya meza yake kama mtoto wa darasa la pili. Amefuta "mwanamke wa chuma", akisema chuma anakijua vizuri, kinashika kutu, na ushahidi ni kabati la tisa. Amefuta "mama wa wote", akisema anao watoto watatu na wanamtosha. Kisha akauliza mbona kosa lake halimo. Nilijitetea kwamba hii ni karatasi ya kuagana, watu watakuwa wanakunywa soda. Akaniambia kwamba wasifu usio na kosa ni tangazo la sabuni, niende nikaliandike. Nimeliandika, na liko hapa chini.

Alianza kazi akiwa mpiga chapa wa halmashauri. Akiwa na miaka ishirini na sita alikabidhiwa muswada wa kitabu cha kuadhimisha miaka mia moja ya mji, kurasa mia tatu na ishirini, auchape mara mbili. Mpiga chapa hana njia ya kuruka ukurasa, kwa hiyo bila shaka ndiye mtu pekee katika jengo lile aliyekisoma kitabu chote. Aliwakuta mameya, wahandisi, wenye viwanda, na hata mbwa wa mhandisi mmoja, aliyetajwa kwa jina. Wanawake aliwakuta mara mbili. Mara ya kwanza walikuwa wameshika maua wakimsubiri mgeni. Mara ya pili ilikuwa kwenye picha ya ufunguzi wa bomba la maji, ambapo upande wa kulia ulionekana mkono mmoja umebeba ndoo, na mwenye mkono alikuwa amekatwa na ukingo wa picha. Mama yake mzazi alifagia barabara za mji huo miaka ishirini na miwili. Alimtafuta ukurasa kwa ukurasa, hadi kwenye orodha ya vifaa vya usafi, na huko alikuta mifagio.

Alipomuuliza mhariri, aliambiwa nafasi haikutosha. Hakubishana. Alirudi kwenye taipureta, akamaliza kazi bila kosa moja la herufi, akaikabidhi siku aliyoahidi, na juu yake akaweka barua ya kuacha kazi. Mumewe alidhani anatania mpaka alipoona viatu vya ofisini vimezungushiwa gazeti na kuwekwa juu ya kabati.

Wakati huo wanawake watatu, mkunga, mwalimu wa chekechea na fundi cherehani, walikuwa wakikutana kila Alhamisi katika chumba cha nyuma cha duka la fundi. Walikuwa wanaharakati kabla mtaa haujajua kuwaita hivyo. Mtaa uliwaita wanawake wasio na kazi nyumbani kwao. Walidai likizo ya uzazi kwa watumishi wa nyumbani, walidai taa kwenye njia za wafagiaji wa alfajiri, na kila mara waliambiwa kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kulalamika. Mama Rudia aliwasikiliza Alhamisi mbili. Alhamisi ya tatu aliingia na taipureta ya mtumba akihema, akaitua juu ya vitambaa vya wateja, akawaambia kwamba wamelalamika, wamelalamika sana, ila hakuna aliyeandika. Kituo chetu kilizaliwa hapo, kati ya majora na pasi ya mkaa.

Leo makabati yana simulizi elfu moja mia mbili na sita. Wamo wafagiaji, wakunga wa mitaani, watumishi wa nyumbani, wanawake wasioona waliosuka vikapu vya hospitali nzima bila mtu kuwauliza habari zao, na wanawake waliotengwa na ndugu kwa sababu ya ugonjwa. Wote wamesema kwa vinywa vyao. Ametoa mafunzo kwa wanawake arobaini na watatu, wengi wao waliofika kusimulia na kuondoka na kinasa sauti mkononi wakaendeleze kwao. Maonyesho yetu yametundikwa sokoni, kwenye korido za zahanati na mara moja kwenye ukumbi wa halmashauri ile ile, ambako Mama Rudia aliomba picha ya ule mkono wenye ndoo iwekwe mlangoni, isipitwe na mtu.

Pini za karatasi ndizo adui yake mkubwa duniani. Anasema zinakula karatasi kimya kimya kama mchwa. Ana kisu butu cha kuzing'olea, anakibeba kwenye mkoba, na hakina simile. Mwaka fulani alikuja mgeni wa heshima na hotuba yake ya kurasa sita. Walipopeana mikono, mkono wa kushoto wa Mama Rudia ulikwisha kuipokea hotuba na kuing'oa pini. Mgeni alisoma ukurasa wa kwanza, wa nne, kisha wa pili, na akashangiliwa sana.

Sasa kosa.

Miaka sita ya mwanzo alipanga kadi za faharasa kama alivyofundishwa halmashauri: mwanamke aliyeolewa chini ya jina la mume, asiyeolewa chini ya jina la baba. Hakuwaza. Mkono ulishazoea. Kadi mia nne na kumi na mbili alizipanga hivyo, kwa mwandiko mzuri wa kupendeza, ndani ya kituo cha wanaharakati, na hakuna hata mmoja wetu wa enzi hizo aliyeona ajabu. Mwaka wa saba alikuja mnyapara wa madobi, mama aliyewasimamia wanawake waliofua kwenye uwanja wa makaro ya saruji nyuma ya kituo cha zimamoto. Alitaka kumsikilizisha binti yake simulizi aliyotoa miaka mitatu nyuma. Mama Rudia alitafuta dakika arobaini. Aliikuta chini ya jina la mwanamume aliyemwacha mnyapara na mimba miaka kumi na tisa kabla ya hapo, akaenda zake. Mnyapara aliitazama kadi, akamwomba binti amsomee mara mbili, akasema, "Kumbe hata humu ndani bado niko nyumbani kwake." Akafunga kanga kiunoni, akaondoka, na kwa miaka kumi na mitano hakukanyaga kituoni.

Mama Rudia hakumfuata. Alifunga mlango na kuanza upya. Ilimchukua mwaka mmoja na miezi miwili kuandika kadi mia nne na kumi na mbili, kila mwanamke chini ya jina alilojiita mwenyewe. Zile za zamani wenzake walimshauri azichome, aibu iishe. Hakuchoma hata moja. Nyuma ya kila kadi aliandika kwa mkono tarehe ya siku hiyo na maneno haya: "Nilimpanga vibaya. Kosa ni langu." Akatia saini. Mara mia nne na kumi na mbili. Kisha akazifungia kwenye sanduku.

Miaka kumi na miwili iliyopita, nikiwa msaidizi wake wa mwaka wa nne, halmashauri ilitangaza kwamba itajenga maegesho ya magari kwenye uwanja wa madobi. Karatasi zilisema ni kiwanja kisichotumika na hakina historia ya matumizi. Siku hiyo wanawake sitini na wanne walikuwa wakifua hapo, na wengine walikuwa wamerithi karo kutoka kwa mama zao. Waliitwa mbele ya kamati ya ardhi walete ushahidi ndani ya siku tisa. Hati hawakuwa nazo. Ushahidi wote wa maandishi ulikuwa kwenye kabati letu la nne: simulizi thelathini na moja za madobi.

Tatizo ni kwamba zilikuwa zimefungwa. Dobi anajua siri za shuka za mji mzima, na wale wanawake walikuwa wametaja nyumba, waajiri na mambo ambayo yangewafukuzisha kazi au kuwavunjia heshima. Walisimulia kwa ahadi kwamba bahasha haitafunguliwa bila idhini yao. Kila bahasha ya kaki imesainiwa juu ya mshono, na asiyejua kuandika ameweka dole gumba. Mwenyekiti wetu wa wakati huo, mtu mwema mwenye haraka, alisema hili ni suala la kufa kupona, tutoe nakala usiku mmoja na kuomba radhi baadaye. Mimi nilimuunga mkono, na sioni sababu ya kulificha. Mama Rudia aliuvua ufunguo wa kabati la nne kwenye pete ya funguo, akautia kwenye kamba na kuuvaa shingoni. Alituambia kwamba kuna watu walishawahi kuamua ni nini kinachofaa kusemwa kuhusu wanawake hawa bila kuwauliza, na matokeo yake yeye aliyachapa mara mbili.

Basi tukaenda kwa miguu. Kumi na tisa kati ya wasimulizi walikuwa hai, na wengine kumi na wawili walikuwa wamemtaja kila mmoja mwanamke wa kuamua kwa niaba yake. Tuliwafuata wote, nyumba kwa nyumba, tukawaonyesha bahasha zao zikiwa bado zimefungwa na kuuliza. Siku ya nne soli ya kiatu chake ilibanduka, tukaifunga kwa utepe wa kanda mbovu ya kaseti, na hivyo hivyo akapanda ghorofa nne. Ishirini na wawili walikubali. Tisa walikataa. Mmoja alisema bado anamfulia mke wa yule aliyemtaja. Wengine hawakutoa sababu, na mimi nilipofungua mdomo kuuliza nilikanyagwa mguu. Mama Rudia aliwashukuru kwa sauti ile ile aliyowashukuru waliokubali, akairudisha bahasha mkobani, tukaenda nyumba inayofuata.

Mnyapara tulimwacha wa mwisho, na sote tulijua kwa nini. Ndiye pekee aliyesimulia jinsi makaro yalivyojengwa, mwaka gani, nani alibeba mchanga, fundi gani alilipwa kwa kufuliwa nguo miezi minane. Bila yeye, zile nyingine ishirini na moja zilikuwa habari za kufua tu. Alitupokea mlangoni bila kutukaribisha ndani. Mama Rudia, mkubwa wangu wa kazi, mwenye umri wa miaka arobaini na minane, alipiga magoti kwenye kizingiti akaomba radhi kwa kosa la miaka kumi na mitano. Hakueleza alichokifanya baadaye, wala hakutaja zile kadi, wala hakujitetea kwa namna yoyote. Mnyapara alisikiliza akikunja nguo. Mwisho akasema, "Maneno yangu chukua. Samahani yangu bado."

Kamati ilikaa siku moja. Wakili wa halmashauri alikuwa kijana mwerevu, na alikwenda moja kwa moja penye jeraha. Alishika simulizi ya mnyapara, akaonyesha kwamba katika daftari la mapokezi imesajiliwa kwa jina la mwanamume, karani wa kiwanda, ambaye hakuwahi kufua wala kuishi karibu na uwanja. Kadi yenye jina la mnyapara iliandikwa baadaye. Akauliza kama kituo chetu kina desturi ya kubadilisha majina pale kesi inapohitaji. Ukumbi ulicheka. Mimi nilitazama sakafu, kwa sababu nilijua kwamba uwanja ulikuwa unaondoka pale pale.

Mama Rudia aliomba kusimama. Alikuwa amelibeba lile sanduku, na hakuwa ametuambia. Alizipanga kadi za zamani mezani, mbele ya wanakamati, akaanza kuzigeuza moja moja na kusoma kwa sauti kilichoandikwa nyuma: tarehe, kosa, saini. Tarehe, kosa, saini. Wakili alisema inatosha. Mama Rudia alisema haijatosha. Alipofika ya sitini na kitu mwenyekiti wa kamati alimwomba apumzike, na hapo ndipo alipoeleza, bila kumung'unya maneno, kwamba aliwanyima wanawake mia nne majina yao kwa sababu alifuata utaratibu wa ofisi hii hii, kwamba alilisahihisha kosa hilo miaka kumi na minne kabla mtu yeyote hajafikiria maegesho, na kwamba kama wanataka kumwita mzembe, karatasi za kumwitia hivyo ni zake na amezileta mwenyewe. Alijua mwandishi wa gazeti amekaa safu ya pili. Kesho yake gazeti liliandika kweli, mhifadhi akiri uzembe, na majirani wakalisoma.

Kamati ilikwenda kuuona uwanja. Waliyahesabu makaro, wakalinganisha na maneno ya mnyapara, wakakuta kila jiwe lipo pale alipolitaja. Baada ya wiki tatu ilitolewa amri: maegesho yatafutiwe mahali pengine, na kwenye rejista ya ardhi iandikwe uwanja wa kufulia, unaotumiwa na madobi. Wanawake wanafua hapo hadi asubuhi hii. Mnyapara, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa ya ukumbi siku ile ya kadi, alitukuta mlangoni. Aliuchukua mkoba wa Mama Rudia begani kwake akaubeba hadi barabarani. Aliishi miaka mitano zaidi, akija kituoni kila Jumatano kutukosoa.

Siku ya amri tulicheza ofisini mpaka meza ikavunjika mguu. Asubuhi yake nilimkuta Mama Rudia amevaa viatu vipya, yuko tayari kutoka. Nilidhani anawafuata wale ishirini na wawili kuwapongeza. Alikuwa anawafuata wale tisa. Tulikwenda kwa kila mmoja, na kwa kila mmoja alisema maneno yale yale: kwamba uwanja umebaki, kwamba bahasha yake haikufunguliwa, na kwamba hakukosea kukataa. Wawili walilia. Mimi nilikuwa na barua ya kazi nyingine mfukoni, ofisi yenye kiyoyozi, na niliichana njiani tukirudi.

Kuhusu mapumziko yake, habari tulizonazo ni chache. Anasema atalala hadi saa mbili asubuhi, jambo ambalo hakuna anayeliamini. Mumewe ametuarifu kwa siri kwamba makopo ya viungo jikoni yameshawekewa vibandiko vyenye tarehe, na kwamba yeye mwenyewe anaogopa kukaa sana mahali pamoja.

Wiki iliyopita alinipa kazi ya mwisho. Hakunipa ufunguo kwanza. Alinipeleka tena kwa wenye zile bahasha tisa, wanne walio hai na watano wanaoamua kwa niaba ya marehemu, ili waone sura ya atakayewatunzia. Wa mwisho ni bibi wa miaka themanini na mmoja. Alinitazama toka juu hadi chini kama shuka anayoitafutia doa, kisha akamuuliza Mama Rudia, kana kwamba mimi sipo, mdomo wa huyu ukoje. Mama Rudia alijibu bila kutabasamu, "Anaongea sana, bibi, lakini hatoi la mtu." Bibi akacheka mpaka akashika mbavu, akanipa mkono. Tulipotoka nje, Mama Rudia aliivua ile kamba shingoni akanivalisha.

Mama Rudia, asante kwa kila mwanamke uliyemngoja amalize kusema, na kwa kutufundisha kumwomba ruhusa. Upate usingizi mzito, miguu isiyouma na siku nyingi za kukaa na watu wako. Tunakutakia kila jema huko uendako, nasi huku tupo. Zile tisa zimefungwa, na zitabaki zimefungwa.